Damu Haisomi Karatasi

Mama Mbombo aliingia laboratoire, maabara ya hospitali, mara ya kwanza akiwa na ndoo mkononi. Ilikuwa mwaka 1974, alikuwa na miaka kumi na minane, na kazi waliyompa ilikuwa moja tu: kuosha vioo. Kila asubuhi infirmier, muuguzi, alitazama damu za wagonjwa katika mikroskopi, akaandika jibu katika kitabu, kisha akatupa vile vioo vidogo ndani ya ndoo. Mama Mbombo aliviosha kwa sabuni, akavikausha kwa kitambaa, akavipanga tena. Vioo vilikuwa vichache, na kimoja kilitumika mpaka kikachoka.

Lakini kabla ya kuosha kioo, alikitazama. Saa sita infirmier alipokwenda kula, yeye alikaa kwenye kiti chake, akaweka jicho kwenye mikroskopi, akabahatisha: huyu ana malaria, huyu hana. Halafu alifungua kitabu kuona infirmier ameandika nini. Miezi ya kwanza alikosea karibu kila mara. Mwaka wa pili alikosea mara mojamoja. Mwaka wa nne ikafika siku ambapo kitabu kilisema hakuna kitu na macho yake yakasema kiko. Kioo kile hakukiosha. Alikiweka kando, akamngoja infirmier, akamwomba atazame tena. Infirmier alikasirika sana, muosha vioo anataka kumfundisha kazi, lakini alitazama. Kesho yake ndoo ilipewa mtu mwingine, na yeye akapewa kiti mbele ya mikroskopi.

Haya yote alinieleza mwenyewe, kwa sababu nyumba yake iko nyuma ya yetu katika camp ya reli, na mimi ni mtu wa kuuliza. Niko mwaka wa tano wa sekondari, section biochimie. Mume wake, Papa Yav, anaendesha treni, na akinikuta tena jikoni kwao anasema kwamba mutoto huyu, kinywa chake hakina frein, breki.

Mama Mbombo ni Mukasai, mtu wa Kasai. Hapa Kamina, ndani ya Katanga, hilo si neno dogo. Mwaka 1993, wakati Wakasai walipofukuzwa Katanga, watu walijaa gare, stesheni ya treni, wakilala chini na masufuria yao, wakingoja treni ya kurudi kwa mababu ambao wengi hawakuwajua. Watu wakafika na mbele ya nyumba yake wakamwambia apande na yeye. Alitoka na kiti kidogo, akakaa mlangoni, akaanza kumenya mihogo. Akawauliza, akienda, nani atatazama damu yao. Mmoja akajibu kwamba damu ya Mukasai na damu ya watu wa hapa si moja. Mama Mbombo akamwambia alete ndugu yake wa tumbo moja laboratoire, amwonyeshe ndugu wawili ambao damu ya mmoja inaweza kumuua mwingine, ndipo waongee juu ya makabila. Yule mtu hakuja. Mawe yalipiga bati la nyumba wiki nzima, na wiki nzima alikwenda kazini kwa miguu, saa moja na nusu asubuhi, kama kawaida.

Sasa nifike kwa Élisa.

Ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka 1999. Vita ilikuwa upande wa kaskazini, na treni zilileta watu waliokimbia, wamebanana ndani ya mawagoni ya mizigo. Mama wa kanisa letu la Méthodiste walikwenda gare kuwapa maji na uji, na sisi wasichana tuliwasaidia. Élisa tunasoma darasa moja. Siku ile askari walipiga risasi hewani ili watu wasishuke wote pamoja, na ndipo watu waliposhuka wote pamoja. Élisa alisukumwa juu ya mlango wa wagoni ambao bati lake lilikuwa limepasuka. Bati likamkata paja, ndani sana. Nilikaza pagne yangu ya kitenge juu ya kidonda, ikalowa yote kabla hatujafika hospitali.

Docteur Isaïe alikuwa peke yake siku ile. Alifunga mshipa, akashona, akatoka nje mikono ikiwa bado myekundu, akasema mtoto ameishiwa damu na anatakiwa kupewa nyingine sasa hivi.

Kila kitu kilionekana tayari. Babu yake, Tata Kitwa, alikuwa amefika. Huyu ni mzee wa reli, alifanya kazi ya ofisi ya gare miaka thelathini, na inasemekana hakuwahi kukosea namba ya wagoni hata moja. Alileta kitabu cha matibabu cha reli cha Élisa, na mbele kabisa kundi la damu yake lilikuwa limeandikwa: groupe A. Mjomba wake, maître André, mwalimu wa primaire, yeye pia ni A, na alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati. Kulibaki sindano tu.

Mama Mbombo akasema hapana. Kwanza aone damu ya mtoto.

Docteur Isaïe akamkumbusha kile ambacho yeye mwenyewe alikijua kuliko wote. Ili kuona groupe ya mtu unahitaji chupa mbili za dawa, anti-A na anti-B. Zilikuwa zikitoka Lubumbashi kwa treni. Tangu Noeli haikuja hata moja, na tone la mwisho lilimalizikia kwa askari mmoja wa Base, kambi ya jeshi.

"Chupa ziliisha, Mama," Docteur alisema. "Lakini karatasi iko. Tusome karatasi."

"Karatasi njo nini? Damu haisomake karatasi."

Tata Kitwa akasogea. Alikuwa amevaa kofia yake ya reli hata siku ile.

"Ile karatasi, minyi njo niliandika, na mukono yangu," alisema. "Unataka kusema nilikosea?"

Mama Mbombo akamgeukia polepole. "Weye njo uliandika? Nani alimupima?"

"Kupima nini? Bibi yangu balimupima kwa lopitalo ya reli mwaka 1968. Balisema A. Na uyu mutoto njo yeye."

Hapa lazima nieleze. Nkambo wa Élisa, yaani nyanya yake, mke wa Tata Kitwa, naye aliitwa Élisa. Alikufa mwezi mmoja tu kabla ya mjukuu kuzaliwa, na mtoto akapewa jina. Kwetu, aliyekupa jina ni majina yako, ninyi ni mtu mmoja, na si jambo la kukumbuka tu. Tata Kitwa anamwita Élisa bibi yangu, maana yake mke wangu. Baba yake mzazi anamwita mama, na hawezi kumpigia kelele. Kiti cha marehemu ni chake, pagne zake ni zake. Wageni wakifika kutoka Kabongo wanamsalimia yeye kwanza na kumuuliza kama miguu bado inamuuma, naye anajibu kwamba imepona kidogo. Hakuna anayecheka. Kwa hiyo siku Tata Kitwa alipojaza kitabu cha mjukuu, kwa wino mweusi na mwandiko wake mzuri wa ofisi, alipofika kwenye mstari wa groupe hakudanganya na hakubahatisha. Aliandika kile alichokijua. Na pale ndani hakuna aliyeona jibu lake kuwa la kijinga. Mimi mwenyewe, na biochimie yangu, ilinichukua muda kushtuka.

Mama Mbombo pia hakucheka. Alisema jina ni la nkambo, hakatai, na hata mwendo ni wa nkambo, kwa sababu alimjua yule mama. Lakini damu hii mtoto aliitengeneza mwenyewe tumboni mwa mama mwingine, na nusu yake ilitoka kwa watu wengine kabisa.

"Mukasai weye," Tata Kitwa akasema, na sauti yake ilishuka, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kelele. "Mwaka ile tulikuacha ukae. Huyu mutoto akikufa juu ya kiburi yako, hautapata hata treni ya kupanda."

"Treni nilishaikataa, Tata. Tafuta kingine ya kunitisha."

Docteur Isaïe aliuliza anahitaji dakika ngapi. Mama Mbombo alijibu ishirini. Docteur akasema mtoto anaweza kufa ndani ya dakika ishirini.

"Anaweza," Mama Mbombo akasema. "Na damu mubaya atakufa mu dakika kumi, na ni minyi na weye tutakuwa tumemuua. Yule muntu wa Vienne naye hakukuwa na chupa."

Aliponiangalia mimi nilielewa. Katika kitabu chetu cha biologie kuna ukurasa juu ya Karl Landsteiner, daktari wa Vienne, na nilikuwa nimemsomea jikoni kwake. Mwaka 1900 madaktari walikuwa wanajaribu kumpa mtu damu ya mtu, wengine wanapona, wengine wanakufa, hakuna aliyejua kwa nini. Landsteiner hakwenda kutafuta wagonjwa. Alichukua damu yake mwenyewe na ya watu waliofanya kazi naye, akatenga maji ya njano na chembe nyekundu, akaanza kuchanganya: maji ya huyu, chembe za yule. Mara nyingine zilikaa vizuri. Mara nyingine zilikamatana, zikawa vipande. Hivyo tu ndivyo groupe za damu zilivyojulikana. Chupa zote za Lubumbashi zilizaliwa kutokana na jambo hili.

Mama Mbombo akachota damu kidogo ya Élisa, akaingia laboratoire, na sisi tukamfuata kwa sababu hakuna aliyetuzuia. Umeme haukuwepo. Kulikuwa na mashine ndogo ya zamani ya kutenga damu, ya kuzungusha kwa mkono, imefungwa pembeni ya meza kwa vis, skrubu. Yeye alihitaji mikono yake kwa kazi nyingine. Akatazama waliokuwa pale, akachagua mmoja.

"Tata Kitwa, kamata hapa. Geuza. Usisimame."

"Minyi?"

"Weye. Miaka makumi tatu uliangalia treni za bengine zinapita. Leo endesha."

Nilidhani atatoka nje. Alivua kofia, akaiweka juu ya dirisha, akashika ule mkono wa chuma, akaanza kugeuza. Mashine ililia kama baiskeli isiyo na mafuta. Jasho lilimtoka shingoni. Alipotaka kupunguza, Mama Mbombo, mgongo ukiwa umemgeukia, alisema tu, "Mwendo." Naye aliongeza.

Wakati huo alimchoma maître André kidole, akaosha damu yake katika maji ya chumvi. Akajichoma na yeye mwenyewe, kwa sababu groupe yake anaijua tangu zamani, ni B. Kutoka chumba cha pili Docteur Isaïe aliita mara ya kwanza, pouls, mapigo ya moyo, inashuka. Mama Mbombo akajibu bado. Sikuwahi kusikia neno dogo kama lile likisemwa kwa nguvu kama ile.

Mashine iliposimama, damu ya Élisa ilikuwa imejigawa, nyekundu chini, njano juu. Mama Mbombo akachukua kipande cha karo nyeupe, kigae cha ukutani, akaweka tone la yale maji ya njano, akaongeza chembe za André, akaanza kulitikisa karo taratibu, huku na huku.

"Njoo uangalie, Tata. Minyi sikuambie kitu. Macho ni yako."

Mzee akainama. Mwanzo kulikuwa na wekundu tu, laini, kama mafuta ya mawese. Halafu ukaanza kukatika. Chembe zilikimbiliana, zikashikana, na kwa muda mfupi pale juu ya karo kulikuwa na vipande vyekundu vinavyoelea ndani ya maji meupe. Aliendelea kutikisa, vipande havikuachana.

"Ingefanya ivi ndani ya mishipa yake," Mama Mbombo akasema.

Maître André akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akakosa tundu, akafunga tena. Alisema kwa sauti ndogo kwamba angemuua. Tata Kitwa alikuwa bado ameinama juu ya karo.

Tone la pili lilikuwa la Mama Mbombo mwenyewe. Nalo likakatika. Akasema vizuri, ya kwake pia mtoto anaikataa, huyu hapendelei kabila. A anakataa, B anakataa: basi yeye ni O, na anaweza kupokea kwa mwenziwe wa O peke yake.

Docteur aliita mara ya pili. Akajibu bado.

Mama wa kanisa walikuwa wameketi kwenye baraza, wanaimba chini chini. Akatoka na sindano, karo na yale maji ya njano ya Élisa, akawaambia watasali huku wanatoa vidole. Wa kwanza, damu ilikatika. Wa pili, ikakatika. Wa tatu, ikakatika upesi kuliko zote. Wa nne alikuwa mama Delphine, mpika mikate, mama mnene ambaye anaogopa sindano kiasi kwamba kwa chanjo ya watoto wake alikuwa akimtuma bwana yake. Aliomba kama wanaweza kuanza na mtu mwingine. Mama Mbombo akamwambia mtu mwingine ndiye yeye. Akamchoma, akachanganya, akatikisa.

Ikabaki laini.

Alitikisa tena. Akamwomba Tata Kitwa ahesabu dakika mbili kwa saa yake, na mzee akahesabu kwa sauti, kama anatangaza treni. Ikabaki laini. Akageuza kazi: maji ya njano ya Delphine, chembe za Élisa. Laini. Mama Delphine alikuwa amepimwa magonjwa mwezi wa kumi na mbili, na Mama Mbombo ndiye aliyempima. Docteur akauliza juu ya rhésus, kama damu ni chanya au hasi. Akajibu bila chupa haoni, lakini karibu watu wote wa hapa wako namna moja, hatari ile anaikubali, ya kwanza ndiyo aliyoikataa.

Nilikuwa nimetazama saa ya ukutani. Dakika hazikuwa ishirini. Zilikuwa thelathini na nne.

Damu ilipoanza kushuka katika mpira, Mama Mbombo hakuondoka. Alikaa kando ya kitanda, amemshika Élisa kiganja, anangoja mtetemeko, kwa sababu damu mbaya hujionyesha mwanzoni. Tata Kitwa alisimama upande mwingine wa kitanda. Nadhani hawakumtazama mgonjwa tu, walitazamana pia. Mama Delphine, amelala kwenye kitanda cha pili na macho amefumba, aliuliza kama bado anaishi, na aliyekuwa anamuulizia ni yeye mwenyewe. Robo saa ikapita. Élisa hakutetemeka. Baadaye midomo yake ilipata rangi, akafungua macho, akasema ana kiu, na akauliza nani amechukua viatu vyake.

Mama Mbombo akaamka, akaenda kuosha vioo.

Wiki ile aliosha chupa mbili ndogo za pénicilline, akazichemsha. Katika moja aliweka maji ya njano ya damu ya maître André, ambayo yanakamata chembe za B. Katika nyingine aliweka ya kwake, yanayokamata za A. Akazibandika karatasi, anti-B na anti-A, akaziweka katika frigo ya mafuta ya taa. Vita ikate njia ya Lubumbashi, akasema, njia ya mkono wake haitaikata. Askari mmoja wa Base alikuja kuzichukua kwa ajili ya Base. Mama Mbombo alimwambia alete kidole chake apimwe kama wengine, lakini chupa hazitoki. Askari akapimwa, akaenda.

Nilimwambia kwamba Landsteiner alipewa prix Nobel mwaka 1930, miaka karibu thelathini baada ya kuchanganya damu yake. Akahesabu. Tangu ndoo ya 1974 mpaka leo ni ishirini na tano.

"Basi bado tano," akasema. "Lakini uandikie bale bazungu, basilete médaille. Balete anti-A."

Watu wa camp walianza kuongea kwamba Mukasai amelitukana jina la marehemu. Siku ya kumi Tata Kitwa akatokea laboratoire asubuhi, peke yake, akaketi kwenye banc na wagonjwa wengine, akangoja zamu yake bila kupita mtu. Mimi nilikuwa nimemletea Mama Mbombo chakula. Mzee alipoingia alisema kwanza kwamba Élisa ni bibi yake na atabaki bibi yake, hakuna mashine itakayomnyang'anya. Mama Mbombo akajibu hakuna mashine iliyomwomba.

Halafu mzee akauliza yeye ni groupe gani.

"Kitabu yako inasema nini?"

"Inasema B."

"Nani aliandika?"

"Minyi."

"Ulitoa wapi?"

Tata Kitwa alitazama dirishani. Jina lake ni la mjomba wake aliyekufa vita ya Wazungu, huyo kila mtu camp anamjua kwa kusikia, na ile B ilikuwa yake. Alivua kofia, akanyoosha kidole, uso amegeuza pembeni kama mtoto. Mama Mbombo akachoma, akaweka matone mawili juu ya karo, akafungua chupa zake, akaongeza kutoka kila moja, akaanza kutikisa. Alipofungua kinywa kusema, mzee akamzuia kwa mkono.

"Usiniambie," akasema. "Leta hapa. Nitaangalia minyi mwenyewe."

Akavaa miwani, akainama juu ya karo, akangoja.